Kati ya Ukurasa wa Saba na wa Nane

Mwanza mjini
3 Februari 2025

Ndugu Fadhila,

Hadithi yako imefika na nimeisoma mara mbili. Naitaka kwenye mkusanyiko wetu wa mwaka huu. Nakwambia hilo mwanzoni ili yanayofuata usiyasome ukiwa umenuna.

Tausi wako namwona. Namwona anavyopitisha kiganja juu ya dagaa kujua kama wamekauka. Mume wake anapomrudisha kwao bila hata kupandisha sauti, hapo niliweka penseli chini nikatoka nje kidogo.

Lakini kuna mahali pamenishinda. Ukurasa wa saba unaishia mvua inaanza kudondoka, wanawake wote wa mwaloni, pale ufukweni, wanakimbilia kuanua dagaa, na Tausi naye anakimbia. Ukurasa wa nane unaanza mtoto ameshamwagikiwa na mafuta ya karai. Kati ya kurasa hizo mbili, mtoto alikuwa mikononi mwa nani?

Na jingine dogo. Ukurasa wa tatu Tausi anamimina chai vikombe viwili. Mume umesema yuko safarini. Mtoto bado ananyonya. Kikombe cha pili ni cha nani?

Nijibu kwa maandishi, usinipigie simu. Mwandishi akipiga simu ananieleza hadithi badala ya kuiandika. Acha bahasha kwa Mihayo, hapo steshenari anapokuchapia. Napita Mkolani kila Alhamisi.

Bernadeta
Mhariri


Mkolani
7 Februari 2025

Dada Nusrat,

Shikamoo. Sisi hatujambo, Faisal amefikisha miezi saba na ameanza kutambaa, kwa hiyo sikai chini tena. Khalidi yuko kwenye kazi yake ya kuchomelea mageti, anakusalimia.

Najua utauliza kwa nini naandika na simu ipo. Ni wewe uliyesema: habari za wagonjwa na harusi tuongee kwenye simu, mengine niandike, maana kwenye simu nikianza kulia husikii kitu. Sasa haya ni yale mengine. Roza muuza samaki akivuka na ndoo zake kuja Kamanga atakupa bahasha.

Nimeandika hadithi, na mhariri mmoja wa mjini anaitaka kwenye kitabu. Inahusu mwanamke anayeanika dagaa, jina lake Tausi. Majina nimebadilisha yote na mwalo wenyewe sikuutaja. Ila nikikudanganya wewe nitakuwa mtu wa ajabu: ni ile siku mwanao Sada alipoungua, na yale yaliyofuata mpaka shemeji Muhidin akakurudisha nyumbani na mtoto akabaki Buhongwa kwa bibi yake. Naomba uisome kabla haijaenda mbali. Ukiona nimekosea kitu cha dagaa nisahihishe. Miaka kumi na moja nipo huku, nimeanza kuandika dagaa kama mtu anayewaona sokoni tu.

Sada alikuja Jumapili nikamsuka. Ameniacha kidogo tu kwa urefu. Bado anavaa mikono mirefu hata jua likiwaka. Nilimwambia mama yako anakusalimia, akasema, "Sawa." Hilo neno moja safari hii, mwezi uliopita hakujibu kabisa.

Mdogo wako,
Fadhila


Kamanga
11 Februari 2025

Fadhila mdogo wangu,

Marahaba. Bahasha nimeipata. Roza aliiweka juu ya ndoo, kwa hiyo ukurasa wa kwanza unanuka sato. Nilisoma nimekaa juu ya gunia mpaka jirani akaniuliza kama nimeitwa mahakamani. Nikamwambia ndiyo, kesi ya dagaa.

Makosa yako ni haya. Umeandika mvua ilipokuja kila mwanamke alikimbilia dagaa wake. Umeshakuwa mtu wa mjini kweli. Mvua ikidondoka mwaloni hakuna dagaa wa mtu. Unaanua kichanja kilicho mbele yako, hata kiwe cha mwanamke mliyetukanana asubuhi, na kutambua cha nani ni kipi ni baadaye. Siku ile mimi nilianua vya jirani yangu Evelina aliyekuwa amepeleka mtoto kliniki. Wangu walilowa wote, wakaishia kuwa chakula cha kuku. Kule Buhongwa wamemwambia Sada kwamba mama yake aliwapenda dagaa wake kuliko yeye. Hata hawakuwa wangu.

Halafu dagaa wakilowa hawanuki siku hiyo. Wananuka kesho yake. Rekebisha.

Mengine umeandika vizuri. Mtu akisoma atamwonea Tausi huruma. Mimi huruma ya watu siitaki, ila Tausi akiitaka apewe. Iache ilivyo, na usiongeze mtu.

Umuogeshe Faisal kwa maji ya vuguvugu, si ya moto, maana wewe huna mkono wa kupima maji.

Dada yako,
Nusrat


Mkolani
20 Februari 2025

Bi Bernadeta,

Shikamoo. Naleta rasimu ya pili. Doa la ukurasa wa tano ni uji, si machozi, mtoto alipiga bakuli.

Nimefanya marekebisho haya. Vichanja nimevirekebisha, sasa kila mwanamke anaanua vilivyo karibu naye, na Tausi anaanua vya jirani. Mvua nimeiongeza ili msomaji aone kwamba watu hawakuwa na nafasi ya kufikiri. Kuhusu mtoto, nimemweka bibi mmoja jirani aliyeachiwa mtoto akasinzia. Kikombe cha pili nimekitoa.

Naamini sasa imekaa. Naandika mtoto akilala mchana, na huwa halali kwa muda mrefu, kwa hiyo kama yamebaki makosa madogo naomba uyarekebishe wewe tu.

Ahsante,
Fadhila


Mwanza mjini
27 Februari 2025

Ndugu Fadhila,

Sikuomba mvua. Umeniletea nusu ukurasa wa mvua, nzuri kwelikweli, na wewe umejificha nyuma yake.

Bibi yako mpya sikumwona kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa sita. Anaingia wa saba, anasinzia, mtoto anaungua, na baada ya hapo haonekani tena. Hakuna anayemgombeza, hakuna anayemuuliza, hata kulia halii. Ameitwa kuja kulaumiwa akalipwa nauli akaondoka. Nimemkata.

Kuhusu kikombe. Mtu aliyekosea huwa ananiandikia, "nilikosea". Wewe umekifuta bila neno. Nimehariri hadithi za watu kwa muda mrefu na nakwambia ninavyoona: hadithi hii ilikuwa na mtu mwingine, ukamtoa yeye na maneno yake na viatu vyake mlangoni, ila mkono wako ukamsahau kwenye chai. Ndiyo maana mwanzo ule ulikuwa unapumua na huu haupumui. Mrudishe mtu huyo.

Madogo nayarekebisha mimi, ndiyo kazi yangu. Hili siwezi, kwa sababu sikuwepo.

Mkusanyiko unakwenda kiwandani tarehe 30 Aprili.

Bernadeta


Mkolani
6 Machi 2025

Dada Nusrat,

Swaumu njema. Mimi mwaka huu nitalipa baadaye kwa sababu ya kunyonyesha.

Hii barua naiandika bila kurudi juu kusoma. Nikirudi juu nitaanza kupamba, najijua.

Siku ile nilikuwa kwako likizo, niko kidato cha tatu. Tulikunywa chai sisi wawili mlangoni. Ulinipa Sada ukasema, "Mshike, naenda kugeuza." Nikamshika. Ulipoondoka nikamweka chini kwenye mkeka ndani ya banda la kukaangia, na karai liko pale pale hatua tatu, kwa sababu nilikuwa na daftari langu. Nilikuwa naandika hadithi. Mvua ilipoanza sikwenda kuanua na sikumnyanyua mtoto. Nilikuwa katikati ya sentensi, nikataka nifike kwenye nukta kwanza. Hata sentensi yenyewe siikumbuki ilikuwa inasema nini.

Watu walipojaa bandani wakauliza nani alikuwa na mtoto, nikasema ulinituma kwa Evelina kuchukua turubai. Ulikuwa umesimama pale, Sada yuko mikononi mwako anapiga kelele. Ulinitazama. Ukasema, "Ndiyo, nilimtuma."

Shemeji aliposema mama gani anamwacha mtoto na karai la moto, hukujibu. Bibi yake Sada alipokuja kumchukua hukujibu. Mimi nikarudi shule, nikafanya mtihani, nikaolewa na mtu mzuri, nikazaa. Kila kitu nilichonacho nimekipata kwa maneno yako mawili.

Mhariri ananiuliza mtoto alikuwa na nani. Nimeshamdanganya mara mbili kwenye karatasi na kila nikimdanganya hadithi inaharibika, anaona. Sasa Faisal anatambaa kuelekea kila kitu cha moto ndani ya nyumba hii na mimi namkimbilia huku nafikiri, ulinyamazaje wewe?

Nataka kuuandika ukurasa ule kama ulivyokuwa. Nataka Sada ajue siku moja kwamba haikuwa wewe. Ila siandiki mpaka uniruhusu.

Fadhila


Kamanga
11 Machi 2025

Fadhila,

Barua yako nimeisoma mara moja nikaitia jikoni. Usiniandikie tena mambo hayo kwenye karatasi inayosafiri kwenye ndoo ya Roza.

Sikuruhusu.

Unayo nyumba na mama mkwe. Akisikia kwamba mkwe wake aliwahi kuweka mtoto wa watu karibu na mafuta kisha akasema uongo, Faisal akijikwaa tu watakuuliza wewe. Mimi najua maisha ya kuulizwa yalivyo. Siyo maisha.

Na Sada. Jumapili anakwenda kwa nani? Kwako. Alipopata hedhi ya kwanza alimwambia nani? Wewe, nami nikaisikia kwako kama habari ya jirani. Mimi amenichukia tangu ana miaka minne, nimezoea, najua pa kuuweka uchungu wake. Ukimfanya akuchukie na wewe, upande wetu atabaki na nani? Umelifikiria hilo au umefikiria hadithi?

Huyo mhariri hamjui Sada. Yeye anataka ukurasa ujae.

Mtoe bibi wako wa kusinzia au umwache, sijali. Lakini ukiandika ulichosema utaandika, usinitumie salamu tena kwa Roza.

Nusrat


Mkolani
14 Machi 2025

Bi Bernadeta,

Shikamoo. Naomba kuitoa hadithi yangu. Sababu ni za kifamilia. Samahani kwa muda wako na penseli yako.

Fadhila


Mwanza mjini
20 Machi 2025

Ndugu Fadhila,

Nimepokea. Sikubembelezi, una mtoto wa kubembeleza wa kwako.

Nina mawili tu. La kwanza, kuna mtu amekukataza. Sitauliza ni nani. Ila kwenye kazi hii nimeona mara nyingi kwamba anayesema "usiandike" naye anajua kitu kuhusu ukurasa huo ambacho mwandishi hakijui. Usimkasirikie haraka.

La pili, hadithi ya kuchapisha ina tarehe, hadithi ya kumaliza haina. Hata kama hainifikii mimi, imalize. Msahau msomaji ninayemjua mimi. Chagua msomaji mmoja unayemjua wewe, umwandikie huyo ukurasa unaokosekana, kwa maneno ambayo ungeweza kumtazama usoni ukiyasema. Utaona maneno mengine yanakataa kutoka. Hayo yaache. Yanayobaki ndiyo ukurasa.

Nafasi yako naishikilia mpaka tarehe 25 Aprili. Baada ya hapo naweka hadithi ya mtu mwingine kuhusu mbwa. Si mbaya.

Bernadeta


Mkolani
7 Aprili 2025

Dada Nusrat,

Shikamoo. Ulisema nisitume salamu kwa Roza, kwa hiyo hii si salamu. Roza mwenyewe amenicheka, anasema, "Nyie wawili mngekuwa Wajaluo mngeshapigana mkamaliza, mnanitembeza na bahasha kama tarishi."

Nimefanya jambo na nitakuambia kabla hujalisikia kwingine.

Nilimaliza ule ukurasa. Sikuupeleka kwa mhariri. Niliuandika mara sita, nikimfikiria msomaji mmoja, na unajua ni nani. Mara ya kwanza ulikuwa kurasa nne, zimejaa jinsi nilivyokuwa mdogo na jinsi mvua ilivyokuja ghafla. Nikawa nasoma kwa sauti, nikifika mahali ninapojitetea naona aibu, nakata. Mwisho ukabaki ukurasa mmoja. Majina ya kweli, yangu na lako.

Siku ya pili ya Idi Sada alilala hapa. Asubuhi yake alikuwa na hesabu za shule akaniomba karatasi za kukokotolea. Unajua nyumba hii hatutupi karatasi, rasimu zangu za zamani anaandikia upande wa nyuma. Nikamnyooshea rundo. Ukurasa ule ulikuwa katikati. Nilijua uko katikati. Sitasema sikujua.

Nikaingia ndani kumnyonyesha Faisal. Niliporudi Sada alikuwa ameigeuza karatasi. Alisoma mpaka chini. Akaikunja mara nne akaitia mfukoni. Akamaliza hesabu zake zote, Dada, moja baada ya nyingine, halafu akasema, "Naomba nirudi Buhongwa." Nikataka kusema neno. Akasema, "Mama mdogo, naomba usinisindikize."

Jana ilikuwa Jumapili na hakuja. Khalidi anapita pale kila siku akienda kazini, amemwona uani anafua, amempungia, hakupunga.

Ulinionya litatokea na limetokea. Siandiki nipate pole. Naandika ujue kwamba sasa anajua, na mimi ndiye niliyemwambia, na kama lingerudi nyuma ningemwambia tena, ila ningemwambia kwa mdomo.

Fadhila


Kamanga
10 Aprili 2025

Fadhila,

Nimekaa na barua yako siku mbili. Siku ya kwanza nilitaka kuvuka nije nikupige. Roza ni shahidi, nilishafika kwenye foleni ya kivuko. Nikarudi, kwa sababu nilijiuliza nikishakupiga nitasema nini, nikaona nitalazimika kusema hili.

Niliposema usiandike kwa ajili ya Sada, nilisema nusu.

Mvua ilipoanza, kabla sijakimbia niligeuka nikaangalia bandani. Ni tabia tu, mwenye mtoto mdogo anageuka. Nilikuona umeinamia daftari. Nilimwona Sada chini kwenye mkeka, na karai linatoa moshi. Niliona vyote vitatu kwa pamoja kama ninavyoona mkono wangu huu unaoandika. Nikasema moyoni, nianue kichanja kimoja cha Evelina kisha nirudi nimnyanyue. Nikaanua. Kile kingine kilikuwa pale pale mbele yangu, nikasema na hiki. Nilikuwa kwenye cha tatu niliposikia.

Kwa hiyo Muhidin aliposema niliwaona dagaa kwanza, nilinyamaza kwa sababu ni kweli. Wewe ukadhani nimekubebea mzigo wako. Mzigo ulikuwa wangu, wako ukawekwa juu. Niliposema nilimtuma, sikukuokoa wewe peke yako. Nilijua ukisema uliachiwa mtoto, watu watakuuliza mimi nilikuwa naangalia wapi, na wewe hujawahi kuweza kuulizwa mara mbili. Ilikuwa rahisi zaidi kuwa mama aliyesahau kuliko kuwa mama aliyeona.

Miaka kumi na moja unaniletea khanga kila Idi na macho ya mtu anayedaiwa. Nilizipokea. Hilo nalo liandike.

Sasa nisikilize. Ukurasa uliompa mtoto ni uongo mwingine, hata kama hukujua. Umeniacha humo kama malaika. Akija kuujua ukweli baadaye tutakuwa tumemdanganya mara ya pili. Barua hii usiichome kama mimi nilivyochoma yako. Mpe Khalidi ampelekee Sada kama ilivyo, nimejitahidi kuandika herufi zinazosomeka. Huyo mhariri wako naye ukitaka mpe. Ila mtoto kwanza.

Nusrat


Buhongwa
18 Aprili 2025

Kwa mama mdogo Fadhila,

Shikamoo. Natumaini hamjambo, pamoja na Faisal. Mimi sijambo. Baba ameniuliza naandika nini nimemwambia ni zoezi la Kiswahili la kuandika barua, kwa hiyo ukikutana naye usiniharibie.

Barua ya mama nimeipata kwa baba mdogo Khalidi. Nimeisoma pamoja na karatasi yako. Bibi hajui. Nimeziweka ndani ya kitabu cha Jiografia kwa sababu hakuna mtu anayekifungua.

Sijaamua kama nimekasirika. Siku ya kwanza nilikukasirikia wewe. Halafu ikaja ya mama nikamkasirikia mama, lakini mama nilikuwa nimeshamkasirikia tangu zamani kwa hiyo sikuona tofauti. Jana nikamkasirikia bibi kwa sababu aliniambia kitu ambacho hakukiona. Baba yeye alikuwa safarini. Nimechoka.

Nina swali. Wewe umeandika ulikuwa unafanya nini. Mama naye ameandika alikuwa anafanya nini. Hakuna aliyeandika mimi nilikuwa nafanya nini. Mimi ndiye niliyeungua, lakini kwenye karatasi zenu nimekaa tu kwenye mkeka kama mfuko. Sikumbuki kwa sababu nilikuwa na mwaka mmoja na nusu. Wewe ulikuwa karibu. Naomba unijibu, na usiandike vizuri.

Tena, mtu akishuka Kamanga kwenye kivuko, kwa mama ni upande gani? Nauliza tu.

Ni mimi,
Sada Muhidin
Darasa la Sita


Mkolani
20 Aprili 2025

Sada mwanangu,

Marahaba. Zoezi lako nimelipokea na baba yako sitamwambia.

Naanza na rahisi. Ukishuka Kamanga unaacha maduka mkono wa kulia, unafuata njia ya chini inayopita kandokando ya maji mpaka uone vichanja. Mama yako ni yule aliyefunga kilemba cha kijani. Jumamosi saa tatu asubuhi nitakuwa pale pa kupandia kivuko upande huu wa mjini, na Faisal mgongoni. Ukija tutavuka. Usipokuja nitarudi nyumbani, na Jumamosi nyingine nitakuwepo tena. Ruhusa kwa baba yako nitaiomba mimi mwenyewe, na nitamweleza sababu. Hilo si la mtoto kulibeba.

Sasa swali lako. Nimekaa nalo tangu jana na nimegundua kwamba nilikuwa nimeliruka kwa makusudi. Kwenye rasimu zote, za kumdanganya mhariri na za kweli, sikukuandika. Nilidhani naficha nilichokuwa nafanya mimi. Kumbe nilichokuwa naficha ni ulichokuwa unafanya wewe.

Ulikuwa na kijiko cha bati. Ulikuwa unapiga mkeka nacho, unasikiliza, unapiga tena. Wiki ile nilikuwa nimekufundisha jina langu. Fadhila lilikuwa refu, ukawa unasema "Dila". Mvua ilipopiga bati la banda kwa mara ya kwanza, ulishtuka ukacheka. Ukanyoosha kijiko juu ukaniita, "Dila." Ulitaka nisikie na mimi. Nikasema, "Subiri."

Ukaita tena. Hukuwa unalia. Ulikuwa unaita kama mtu aliyeona kitu kizuri na hataki kukiona peke yake. Nikasema "subiri" bila kuinua kichwa.

Ukasubiri. Hilo nalikumbuka, kwa sababu ulinyamaza, na mimi nikafurahi kwamba umenyamaza nikaandika maneno mengine mawili. Halafu ukanyanyuka ukaanza kuja kwangu. Ulikuwa hujazoea kutembea bila kushika kitu. Ulipotaka kuanguka ukashika kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu kilikuwa sikio la karai.

Hukuwa mtundu, kama bibi anavyosema. Hukufuata moto. Ulikuwa unanifuata mimi.

Umesema nisiandike vizuri. Hapo juu niliweka neno kuhusu sauti ya mvua nikalikata, utaliona limefutwa kwa kalamu. Mengine nimeyaacha yalivyotoka.

Mhariri anasubiri mpaka Ijumaa na sijampa kitu. Mama yako amekubali ukurasa wake uingie. Mimi wangu nimekubali. Uliobaki ni wako, na huo siutoi mkononi mpaka wewe useme. Ukisema hapana, hadithi ya mbwa itaingia kwenye kitabu na sisi watatu tutajua tuliyoyajua. Sitakununia na sitakuuliza mara mbili.

Ukisema ndiyo, kuna kitu kimoja kimebaki wazi. Mama yako kwenye hadithi anaitwa Tausi. Mimi nimejipa jina la Mwanne. Wewe tangu rasimu ya kwanza nimekuandika "mtoto" tu, mtoto, mtoto, mpaka mwisho. Nimeacha nafasi kila mahali. Mchagulie jina wewe, andika hapo chini, umpe Khalidi.

Mama yako mdogo,
Fadhila